Buffalo Isiyo na Mlima

Mwaka 2015 hivi nilikuwa mwanafunzi Columbus, upande wa mashariki wa Marekani, na kazi niliyopewa na profesa wangu ilikuwa ngumu kumweleza mtu wa kwetu. Magharibi ya nchi hiyo kuna nyika kubwa zilizojaa kichaka cha kijivu chenye harufu kali, wenyewe hukiita sejibrashi. Kuna ndege wa jamii ya kware anayekula majani yake, asiyeweza kuishi bila kichaka hicho. Joto likizidi, nyasi za kigeni huingia, hukauka mapema na kushika moto, na kichaka kikiungua si rahisi kirudi. Sisi tulichora ramani za kuwasaidia wasimamizi wa ardhi hizo kuamua wapi pa kupigania na mbegu gani za kupanda.

Shangazi yangu aliishi Louisville, mtaa wa Highview, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alisikiliza maelezo yangu yote kwenye simu, kisha akauliza, "Kwa hivyo hicho kichaka kinaugua?"

"Hakiugui, Shangazi. Kinasumbuliwa na joto."

"Sawa. Na wewe unakifanyia nini ukiwa Columbus?"

Kichaka chenyewe nilikuwa nimekiona kwenye kopo tu, ndani ya nyumba ya vioo ya chuo. Ndiyo maana nilifurahi profesa aliponituma Buffalo kuwaonyesha wasimamizi na wafugaji wa huko ramani zetu. Nilimwambia karani wa safari "Buffalo", akanikatia tiketi ya Buffalo, na kati yetu hakuna aliyeuliza ni ipi. Shangazi naye akampigia mama mmoja Mkongomani, aliyeimba naye kwaya kabla hajahamia Buffalo, mtaa wa West Side.

"Utalala kwake," akaniamuru. "Usiende hoteli kama mtu asiye na watu."

Nilitua jioni na kopo la sejibrashi kifuani kama mtoto mchanga. Mama alinipokea, akainama akanusa. "Inanukia muzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, nami nikaona nimepata mtu anayeelewa kazi yangu.

Asubuhi akanipeleka mkutanoni kwa gari lake. Barabara tuliipata, namba tukaipata, ila pale palikuwa na duka la magodoro lililofungwa. Nikampigia mwenyeji wa mkutano.

"Pita duka la chakula cha mifugo," akanielekeza kwa upole, "halafu fuata upande wa milima."

Nikatazama huku na huku. Nyumba za mbao, kanisa, basi la jiji. "Milima ipi?"

"Hiyo yenye theluji. Huwezi kuikosa."

Nikamuuliza Mama. Akafikiri sana. "Bon, hapa mulima hakuna. Labda ile ya takataka, njia ya kuenda Lackawanna. Lakini ile si ya kufanyia mukutano."

Yule bwana akaniuliza niko jimbo gani.

Ndipo nilipojua kuna Buffalo nyingine, kule magharibi, jimbo la Wyoming, katikati ya sejibrashi, na kwamba ukumbi mzima ulikuwa umekaa ukinisubiri. Nilimsikia akiwatangazia. Nikawasikia wakicheka, na hawakuwa na haraka ya kumaliza.

Tukarudi kwa Mama. Niliweka kompyuta juu ya sufuria iliyopinduliwa, mezani jikoni, nikazungumza nao kwa video. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika mabonde ya chini, ambako ramani zetu zilisema kichaka kingeshindwa na joto. Mzee mmoja mwenye kofia pana akanikatiza. Ardhi yake ilikuwa huko huko.

"Umewahi kufika huku?"

"Bado," nikasema. "Nilikuwa njiani."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaona bora niwaonyeshe kitu cha kushikika, nikachukua kopo langu dirishani, nikaliinua mbele ya kamera na kuanza kueleza jinsi majani yake madogo yanavyotunza maji. Majani hayakuwepo. Vilibaki vijiti.

Mama alikuwa nyuma yangu akikoroga nyama ya mbuzi.

"Mama, majani yameenda wapi?"

"Mu sufuria," akajibu bila wasiwasi. "Donc, si ulileta kiungo?"

Nilipowatafsiria, kofia pana ikatikisika. Yule mzee alicheka mpaka akafuta macho, kisha akavitazama vile vijiti. "Vyangu viko hivyo hivyo tangu moto upite," akasema. "Haya, niambie. Mbegu za kutoka sehemu zenye joto zaidi, kwangu zitashika?"

Nikamwambia ukweli: huenda zikashika, hatujui bado, ajaribu kipande kidogo kwanza. Hapo wote wakaanza kuuliza kuhusu mashamba yao, na ramani nikaziacha. Tuliongea hadi mchana.

Nyama ilikuwa chungu kuliko kwinini. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akasema kware wa Marekani wana shida.

Kabla sijaondoka alikuwa ameshawaeleza watu wa kanisa lake kwamba amepata mgeni daktari wa mimea. Jumapili baada ya ibada walifika sebuleni na makopo yao: pilipili iliyodumaa, lengalenga, mchicha wa kwao, lililooteshwa dirishani, mche wa ndimu usiotaka kukua. Nilishika majani, nikauliza kuhusu jua na maji, nikashauri nilivyoweza. Bibi mmoja alileta ua lililong'aa sana. Nikaligusa, lilikuwa la plastiki. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, nikamwambia linaendelea vizuri, apunguze maji kidogo.