Ushirazi wa Mjomba Wangu

Wananiambia vijana hawasomi hadithi za kale mpaka kuwe na mfalme, vita na mapanga. Waache waseme. Mimi nimewaandikia vijana hadithi za zamani miaka nenda miaka rudi, na sijamtanguliza mfalme hata mmoja. Mtu wa kwanza niliyemwandika alikuwa msichana aliyeuzwa Bagamoyo, na kwa ajili yake nusura nitolewe shule.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, niko darasa la saba. Mama yangu alikuwa ameolewa mara ya pili huko Lugoba, akaniacha mjini Bagamoyo kwa bibi, mama yake mzazi, ili nisome. Bibi alikuwa mwanamke wa maneno. Kutwa yuko kibarazani anasuka ukili wa mikeka, na hapiti mtu pale bila kupata lake. Mimi aliniita mke mwenza, nami nikimjibu ufedhuli ananirushia kandambili. Tulikuwa tukipendana sana.

Nyumba ya jirani alikaa mjomba, na mjomba alikuwa na jambo lake moja tu maishani: Ushirazi. Sisi, alisema, ni Washirazi, waungwana, asili yetu ng'ambo. Hiyo Shirazi yenyewe iko wapi, hakujua. Siku nyingine alinyoosha kidole kuelekea Unguja, siku nyingine kuelekea soko la samaki. Lakini ole wako ucheke.

Na mwaka ule ndio alizidi, kwa sababu binti yake alikuwa ameposwa na watu wa Pangani, watu wenye jina lao. Kwetu posa haiishii kwenye kuitikiwa. Ukoo unapekuliwa kwanza. Kina mama wa upande wa mume hutumwa, wanapiga hodi kwa majirani, wananywa chai, wanauliza taratibu: babu yake nani, bibi yake katoka wapi. Waliotumwa kwetu walikuwa wawili, wamefikia kwa ndugu yao mtaa wa pili, na walikuwa na macho hayo! Redio wakati huo ilikuwa ikitwambia kila siku kwamba sote ni ndugu, hakuna bwana wala mtwana. Sawa, lakini redio haikuwahi kuposa.

Basi mwalimu wetu wa historia, kijana mgeni kutoka bara, akatwambia tuandike hadithi ya kubuni juu ya kijana wa rika letu aliyeishi Bagamoyo enzi za misafara. Itakayopendeza zaidi ingesomwa siku ya wazazi. Wenzangu wote waliandika mashujaa wa kuwapiga Wajerumani, na mmoja shujaa wake aliua kikosi kizima kwa mkuki mmoja, tena wa kuazima. Mimi nikamfuata bibi kibarazani.

"Bibi, vijana wa zamani hapa mjini walikuwaje?"

Hakuacha kusuka. Akasema, bila kunitazama, "Mama yangu aliletwa hapa kwa miguu yake, akiwa mdogo kuliko wewe. Kutoka huko kwenye ziwa. Akauzwa kwenye nyumba moja hapahapa mjini."

"Kumbe! Sio Shirazi?"

"Shirazi ni ya mjomba wako. Muulize alikwenda lini na nani alimlipia nauli."

Akanisimulia. Siku ileile aliyonunuliwa, walimpa jina jipya. Wakimwita kwa jina hilo, haitiki. Kufagia anafagia, kuteka maji anateka, kutwanga anatwanga, lakini mwite uone: kimya. Walimnyima chakula, haitiki. Wakamchapa, haitiki. Mwishowe wakachoka wao, wakawa wanamwita "wewe" basi. Alizeeka watu wa nyumba ile wakimwita "wewe", na jina lake mwenyewe, alilopewa na mama yake, hakuwapa.

"Wewe alikupa?" nikamwuliza.

"Alinipa," bibi akasema, na hakunitajia.

Niliandika kama mtu aliyepagawa. Mwalimu akaisoma, akaichagua, na yeye, masikini, hajui mambo ya pwani, akampa mjomba hongera mbele ya watu kwenye baraza la kahawa, kwa hadithi ya msichana aliyeuzwa. Mjomba alikuja nyumbani anatweta.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Umeandika nini wewe? Unataka kuniua? Watu wa Pangani wako hapo mtaa wa pili, wewe unatutangaza kuwa watoto wa watumwa!"

"Nimeandika aliyoniambia bibi."

Akamgeukia. "Mama, ni wewe uliyemwambia mtoto upuuzi huu?"

Bibi akainamia ukili wake. "Mimi? Mimi najua nini? Watoto wa siku hizi na vitabu vyao."

Lo! Nilihisi nimepigwa kofi. Nilimchukia bibi yangu siku ile, tena nilimchukia kwa moyo wote. Mjomba alinikalisha chini, akaanza kunitamkia hadithi nyingine ya kwenda kuisoma: jahazi, kijana wa Kishirazi, kilemba cha hariri, watu wa Bagamoyo wanampokea kwa matari. Nikaandika huku natafuna midomo. Alipomaliza akasema, "Hii ndiyo utakayosoma. Ukisoma ile nyingine, shule basi. Utakaa ndani mpaka upate mume, kama yupo wa kukuchukua na ulimi huo."

Nilimwendea mwalimu. Akakuna kichwa, akasema hadithi ni yangu, ila yeye hawezi kuingilia nyumba ya watu. Bibi naye jioni akaniita, "Mke mwenza, njoo ule." Sikuitika. Akaniita tena, sikuitika. Alisimama mlangoni akinitazama kwa muda, kisha akafunika chakula, akaenda zake.

Siku ya wazazi ikafika. Madawati yalitolewa kwenye darasa kubwa, wanaume wakawekwa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Mjomba alikaa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Wale wanawake wawili wa Pangani nao walikuja, maana mpwa wao alisoma pale. Bibi alikuja amejitanda kanga mpya, akakaa nyuma, haongei na mtu, jambo ambalo si la kawaida yake.

Nikaitwa. Nikasimama na karatasi zangu mwenyewe. Za mjomba nilikuwa nimewashia moto wa uji asubuhi. Nilikuwa na hasira, nisiwadanganye, na hasira ilinisaidia. Nikajiambia, wanitoe shule, lakini watanitoa nikiwa nimeshasoma.

Nikasoma safari ya kutoka ziwani. Kina mama wakaacha kupepea. Nilipofika mahali binti anaposimamishwa mbele ya wanunuzi, mjomba aliruka juu.

"Kaa chini! Uongo mtupu! Nani kakwambia mambo hayo? Leo ndio mwisho wako wa shule!"

Mwalimu aliinama akajifanya anatafuta chaki. Mimi nikapandisha sauti. Hapo mbele nilikuwa nimetia chumvi kidogo, kwa kuwa niliona hadithi ya huzuni bila machozi haitanoga. Nikasoma, "Walipomfungua kamba, binti yule alilia, akalia mpaka..."

"Hakulia!"

Watu wote waligeuka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya mikeka, kanga imemwanguka mabegani.

"Mengine nimeyanyamazia," akasema. "Hilo sikubali. Mama yangu hakulia. Alinieleza mwenyewe kwa kinywa chake. Usimsingizie."

 Wale wanawake wa Pangani wakatazamana, wakavuta mabuibui yao, wakatoka kabla ya ubwabwa, na posa wakatoka nayo.

"Mama, kaa," mjomba akasema, safari hii akiomba. "Nakusihi, mama, kaa."

"Nikae nifanye nini? Mama yangu amesimamishwa mbele ya watu, mimi nikae?" Sauti yake ilifika mpaka uwanjani. "Posa ikifa, ife. Mwanao ni mzuri, atapata wa kumtaka bila kumfukulia makaburi. Na huyu hatoki shule. Anayetaka kumtoa aje anitoe mimi kwanza kwenye nyumba yangu."

Hakuna aliyekwenda. Mjomba alikaa polepole, akauficha uso kwa kiganja, na nakiri nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Bibi alinigeukia. Machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi, naye hakuyafuta. "Soma," akaniambia. "Ila hapo parekebishe."

Nikaomba penseli kwa mwalimu. Nikakata maneno yale mbele ya watu wote. Kisha nikasoma, "Walipomfungua kamba, binti yule hakulia."