Nukta Tatu na Mkia

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Sidhani kama waliwahi kufika Longton, mji wetu wa viwanda vya sahani kule Uingereza, lakini walitusema sisi. Sahani nzima, zenye dhahabu ukingoni, hupanda meli zikaenda kwa wenye nazo. Zilizopinda, zenye chunusi, zenye ufa mwembamba wa unywele, ndizo tunazolia viazi majumbani mwetu. Ndiyo maana mtu wa kwetu akikaribishwa mahali, hata kabla ya kusema asante, huigeuza sahani aone mgongoni imetoka kiwanda gani. Hatuna adabu? Haya, hatuna. Lakini tunapenda kujua mikono ya watu wetu imefika wapi.

Ila Elsie Bloor alizidi. Aligeuza sahani harusini, aligeuza sahani matangani, na siku moja alijaribu kuchungulia chini ya kikombe cha mchungaji, mchungaji mwenyewe bado anakinywea. Alikuwa anatafuta nukta tatu na mkia.

Hiyo ilikuwa alama ya mama yake, Thirza. Kila mwanamke aliyechora maua kiwandani alikuwa na alama yake ndogo, akaiweka mgongoni mwa sahani kwa ncha ya brashi, kazi yake isije ikachanganywa na ya mwenzake. Thirza alifariki Elsie akiwa na miaka minne tu, kwa sumu iliyokuwa kwenye rangi za siku hizo. Hakuacha picha, maana hakuwahi kukaa mbele ya mpiga picha hata mara moja. Sahani nayo hakuacha hata moja, maana mchora waridi hanunui waridi. Elsie akalelewa na shangazi yake, Dorcas.

Shangazi Dorcas hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja, akitengeneza chapati za shayiri, alimwaga unga kidogo mezani akachora kwa kidole: nukta, nukta, nukta, halafu mkia mfupi uliojikunja.

"Unaona hiyo? Ndiyo mama yako hiyo," akasema. "Ukiikuta mahali, ujue umemkuta."

Kisha akaufuta unga, akageuza chapati. Jamani, mtoto haambiwi neno kama hilo halafu akaachwa hivihivi! Elsie alilibeba miaka hamsini na tano.

Sura ya mama yake hakuwa nayo. Akifumba macho aliona aproni, aliona nywele zilizofungwa kitambaa, na katikati palikuwa peupe, kama sahani ambayo haijachorwa. Hilo ndilo lililomuuma. Watu wengine hufiwa na mama, yeye alifiwa hata na sura yake.

Kazi yake Elsie ilikuwa kupiga mstari wa dhahabu. Unaiweka sahani juu ya kigurudumu, unakizungusha kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unashusha brashi mpaka iguse ukingo. Dhahabu yenyewe kabla ya moto ni ya kahawia, utadhani mchuzi wa jana. Sahani inazunguka, mstari unatoka wenyewe, na mwisho wake unakutana na mwanzo wake pasipo kuonekana pa kuungia. Hapo ndipo pa kazi. Ukipumua umeharibu.

Basi kila brashi ilipogusa, Elsie alisikia sauti ikimwambia: "Shika pumzi." Ilikuwa sauti ya chini, karibu na sikio. Alishika pumzi, sahani ikazunguka, na yeye akaenda zake. Mwili ulibaki kwenye kiti, mwenyewe akaelea juu ya paa, juu ya matanuri yenye matumbo kama chupa, juu ya moshi, akizifuata sahani za mama yake zilikokwenda. Aliziona kabatini kwa matajiri. Aliziona melini zikigongana taratibu. Aliona mtu asiyemjua akimalizia supu, na chini ya supu ile, upande wa pili wa udongo, mama yake amelala akisubiri kugeuzwa. Kisha mstari ulifika mwanzo wake, Elsie akapumua, na kiwanda kikarudi na kelele zake zote. Sauti ile alidhani ni ya Bibi Keturah, aliyemfundisha kazi, ingawa Bibi Keturah alikuwa na sauti ya kuku anayetaga.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa sitini na moja, Elsie alikuwa na miaka hamsini na tisa na vidole vimeanza kumsaliti. Krismasi angeacha kazi. Rafiki yake Maud Sherratt, waliyekaa naye meza moja tangu usichana, alimwambia ukweli bila kuupaka sukari.

"Shoga, sahani ni udongo. Za mama yako zimeshakuwa kokoto saa hizi, watu wanazikanyaga."

"Hata moja haijabaki?"

"Hamsini na tano, Elsie! Mimi zangu za mwaka juzi zimeisha, na nina mume mpole."

Elsie alicheka, lakini usiku wa maneno hayo hakulala vizuri. Akajiwekea ahadi: likizo hii ya Agosti ingekuwa ya mwisho. Asipomkuta mama yake kabla ya kurudi Longton, hatageuza tena sahani maisha yake yote. Angekula tu kama watu wengine wanavyokula.

Likizo ya wafinyanzi mnaijua. Matanuri yanapoa, moshi unaondoka, na anga la Longton linakuwa la buluu mpaka mtu anaona haya kulitazama. Halafu mji mzima unapanda treni kwenda Llandudno, pwani ya Wales, na ule ujirani uliokuchosha mwaka mzima unaukuta umekaa mchangani umekunja suruali. Elsie na Maud walifikia kwa Bibi Pritchard, mjane wa Kiwelisi, mwenye nyumba ya wageni yenye masharti mengi kuliko vyumba. Viatu mlangoni. Mchanga usiingie. Chakula saa saba kamili, na anayechelewa ashibe hewa ya bahari.

Jumapili Bibi Pritchard alitoa sahani za marehemu bibi yake. Zilikuwa kumi na mbili, za heshima, na hazikutoka kabatini siku nyingine. Akapakua nyama ya kondoo, viazi, njegere, na mchuzi mzito juu yake. Mezani walikuwa watu wanane, wote wa kwetu. Dirisha lilikuwa wazi, bahari inavuta na kuachia, na Elsie alikuwa katika ile hali yake ya kigurudumu, yupo na hayupo. Aliona ukingo wa sahani: maua madogo ya buluu, majani yamepigwa kwa pigo moja tu la brashi. Hakuwaza. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaigeuza sahani na kila kilichokuwamo.

"Yesu na Maria!" Maud akaruka, mchuzi unamtiririka magotini. "Gauni langu! Gauni langu jipya, we mwanamke!"

Njegere zilikimbia kwenye kitambaa cheupe mpaka mwisho wa meza. Bibi Pritchard alisimama mlangoni na bakuli la viazi, mdomo wazi. Na je, watu wetu walimkemea Elsie? Thubutu! Wote saba waliinuka kwenye viti, hata Maud na mchuzi wake, wakanyoosha shingo.

"Ya kiwanda gani?" wakauliza kwa pamoja.

Elsie aliielekeza sahani kwenye mwanga wa dirisha. Alipangusa mgongo wa sahani kwa kiganja. Nukta, nukta, nukta, na mkia uliojikunja. Kisha akaona kitu kingine, pembeni kidogo: nukta ya nne. Ilikuwa kubwa, imepinda, imekaa hovyo.

Maud aliinama akatazama, akashusha sauti. "Zipo nne, Elsie."

"Naona."

"Yako ni tatu. Labda huyu ni mwingine, shoga. Pole."

"Mama asingekosea," Elsie akasema, na machozi yakamtoka palepale mbele ya watu, bila aibu. Alikuwa amefika mlangoni, na mlango ukawa wa jirani.

Bibi Pritchard akapata ulimi wake. Alisema ameshawapokea wavuvi, wanajeshi, na mara moja mtu wa sarakasi, na hakuna aliyewahi kumwaga chakula makusudi. Aliichukua sahani ile, akaibana kifuani, akaondoka nayo.

Elsie alilifua lile gauni, akakifua na kile kitambaa cha meza, akakianika, akakipiga pasi mpaka kikawa cheupe kuliko mwanzo. Wenzake walikwenda kutembea ufukweni, yeye alikaa ukumbini akitazama kabati lililofungwa. Hakuomba kitu. Jumatatu ikapita, na Jumanne, mpaka Ijumaa. Bibi Pritchard alimpita na kurudi, akikohoa kikohozi cha mtu mwenye neno.

Jumamosi asubuhi, mizigo ikiwa mlangoni, alimwita jikoni. Sahani zote kumi na mbili zilikuwa mezani, zimelala kifudifudi.

"Haya, tazama," akasema. "Wiki nzima unanitolea macho kabati langu kama paka. Tazama, uende nyumbani na amani."

Elsie akaenda moja moja. Nukta tatu na mkia. Nukta tatu na mkia. Kumi na moja zote zilikuwa hivyo, safi, mkono uleule usiotikisika. Alizigusa kila moja. Akavuta kiti.

"Ni yeye," akasema. "Ni mama yangu, Bibi Pritchard. Zote hizi ni mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa na mkono." Bibi Pritchard aliisogeza ya kumi na mbili. "Isipokuwa hii. Bibi yangu alinung'unika juu ya hii mpaka anakufa. Alikuwa akisema, kumi na moja kanifanyia binadamu, moja kanifanyia nani? Lakini hakuitupa."

Elsie aliivuta karibu. Dirishani jua lilikuwa la maziwa, na kwenye karai kulikuwa na kitambaa kilicholowekwa tapentaini, yale mafuta ya kuyeyushia rangi, Bibi Pritchard alikuwa akitoa doa la rangi. Harufu ile ilimfikia polepole. Akaweka ncha ya kidole chake kwenye ile nukta iliyopinda, na jiko likaanza kuzunguka taratibu, kama sahani juu ya kigurudumu.

Alikuwa mdogo. Alikuwa chini ya meza, amefichwa, maana bosi anapita na watoto hawaruhusiwi. Viatu vya bosi vikaenda. Mikono miwili ikamnyanyua, ikamkalisha juu ya aproni yenye harufu hii hii. Mgongoni alihisi kifua kikipanda na kushuka. Ndani ya ngumi yake kulikuwa na brashi, na juu ya ngumi yake mkono mkubwa, wenye joto. Na karibu kabisa na sikio, ile sauti ya chini: Shika pumzi.

Akainua kichwa kutazama, na mahali palipokuwa peupe miaka yote palikuwa na mtu. Alikuwa na madoadoa ya rangi ya buluu shavuni, na jino moja la mbele limepanda juu ya mwenzake, na alikuwa anacheka bila sauti, bosi asije akasikia.

Nje Maud aliita kwamba treni haimsubiri mtu. Elsie hakusogea.

"Siwezi kukupa," Bibi Pritchard akasema, sasa kwa upole. "Ni seti ya bibi yangu."

"Usinipe, mama. Ziache zikae pamoja."

"Ila nieleze kitu kimoja. Wewe ni mtu wa kazi hiyo. Mkono mzuri namna ile, hii moja ilimshindaje? Nani aliyeiharibu?"

Elsie aliigeuza sahani, maua yake yakatazama juu, akaipangusa kwa pindo la gauni lake na kuiweka juu ya wenzake.

"Mimi," akasema.