Mauaji Yaliyokuwa Yakitembea

Shule ya misheni niliiacha kabla sijajua kugawanya vizuri. Kusoma nilikwisha kujua, nikaona kilichobaki si lazima. Asubuhi moja nikaondoka Mpwapwa nyuma ya watu waliokuwa wakipeleka chumvi, nikamwambia mama nitarudi Jumatatu. Nilirudi kweli Jumatatu, ila miaka miwili ilikuwa imeshapita. Ndivyo nilivyokuwa. Nikiona njia nataka kujua inaishia wapi, na nikifika mwisho wake sina haja napo tena.

Nimebeba mizigo, nimekata majani ya nyumbu wa Wadachi, hao Wajerumani, nimechunga ng'ombe wa watu, nimekaa wiki tatu kwa mganga mmoja nikidhani atanifundisha kazi, kumbe alitaka mtu wa kumtwangia. Reli ilipofika Dodoma nikaingia kazi ya kubeba mataruma ya kulazia reli. Huko ndiko nilikojipatia kitabu changu.

Kitabu chenyewe nilikitengeneza mwenyewe. Mhindi mwenye duka karibu na kambi alikuwa akifungia sukari guru kwa magazeti ya zamani ya Kiswahili yaliyochapwa pwani. Siku ya kwanza nilifungua kifurushi changu, nikaanza kusoma huku nalamba vidole, na kabla sukari haijaisha nikawa nimeingia katika nyumba ya mtu aliyeuawa. Lilikuwa shauri la kweli, limeandikwa kama lilivyosemwa mbele ya hakimu: nani alisikia nini, damu ilikuwa upande gani wa mlango, mbwa alibweka au hakubweka. Nilisoma mpaka nywele zikasimama. Kesho yake nikaenda kununua sukari nyingine, na hata hamu ya sukari sikuwa nayo.

Nikawa nayakusanya. Mauaji, wizi wa kuvunja, sumu katika uji. Nikayashona kwa uzi wa gunia, nikayavika ngozi ya mbuzi. Watu wakiniuliza kitabu gani hicho, nasema cha watu wabaya.

Niseme kweli, nilikuwa mwoga. Nikisoma ukurasa mmoja, kwenda kichakani peke yangu mchana kweupe ni kazi. Lakini nilirudia. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani ni kama chui aliyenaswa mtegoni: watu hukimbia kwenda kumtazama, wanamsogelea, wanarudi nyuma, wanamsogelea tena. Akiwa porini hakuna anayetaka kumwona. Na pia kuna yale mambo madogo. Katika shauri moja, nililolipenda kuliko yote, mfanyabiashara wa nazi alikutwa amekufa chumbani kwake, na muuaji, kabla ya kuondoka, alikula wali wa marehemu kisha akaosha sahani. Kumchoma mtu kisu, hilo ninaweza kulielewa, hasira ni hasira. Ila kuosha sahani! Sahani ile ilinikaa kichwani miezi.

Jumapili hatukuwa na kazi. Alasiri tulikuwa tukikusanyika uani kwa mama mmoja wa Kigogo, mpika pombe ya mtama, aliyekuwa na tembe lake upande wa njia ya Ihumwa. Alikuwa mjane, mpana wa mabega, na hakuna aliyekunywa kwake bila kutukanwa kidogo. Hakujua herufi hata moja. Alipokiona kitabu changu akasema, "Kisomee watu. Pombe peke yake inawafanya wagombane."

Jumapili ya kwanza nikasoma shauri la sahani. Nilisoma sawasawa, kama lilivyoandikwa. Watu wa reli wakasikiliza, wakatikisa vichwa, na mmoja akasema, "Pwani huko wana mambo yao." Wakarudi kwenye pombe. Nikaumia. Kitu kilichoninyima mimi raha, wao wamekipokea kama habari ya mvua ya nchi ya mbali.

Jumapili ya pili walikuwapo wageni, wakataka lisomwe tena. Hapo ndipo nilipoanza. Macho yangu yakiwa kwenye karatasi, mdomo ukasema mauaji yalitokea Mpwapwa, nyuma ya soko. Mfanyabiashara wa nazi nikamgeuza wa ngozi. Nikaona watu wamesogea. Mtu mmoja aliweka kibuyu chini bila kunywa. Ee, ilikuwa raha! Nilisikia uoga wao ukinirudia mimi mwenyewe, ukaniingia upya, kama vile sijawahi kulisoma.

Jumapili ya tatu muuaji akafika Ihumwa.

Sasa, pale uani palikuwa na mtu mmoja wa Kinyamwezi, fundi wa kuchimba visima. Zamani alikuwa mpagazi, akapita njia hii mara nyingi na pembe ya ndovu begani, na misafara ilipokufa akabaki. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo. Mkono wake wa kushoto ulikosa kidole cha pete. Wakati huo alikuwa akichimba kisima cha kambi, na alikuwa ameshafika kwenye mchanga wenye unyevu. Siku chache tu zilibaki. Wanawake wote wa upande ule walikuwa wakikisubiri, maana maji yalikuwa ya kufuata korongoni, mbali, na jua la kiangazi la Ugogo halina huruma.

Nilikuwa nikisoma, watu kimya, nami nikataka kuwakamata zaidi. Nikasema, "Na shahidi akaeleza kwamba aliuona mkono ulioweka sahani chini. Mkono wa kushoto. Haukuwa na kidole cha pete."

Sikumkusudia. Naapa. Macho yangu yalikuwa yamempitia dakika ile alipokuwa akipokea kata yake, na kidole kile kikaja chenyewe mdomoni. Nilipoinua uso niliona watu wote wanatazama upande mmoja. Yule fundi alikuwa na kata mkononi, mkono wa kushoto. Akaishusha taratibu. Akasema, "Soma, soma," akacheka kidogo, na hakuna aliyecheka naye.

Leo kijana atashangaa. Atasema, kwa nini hawakuona kwamba ni maneno tu? Lakini siku zile karatasi haikuwa kitu cha mchezo. Karatasi ilitoka bomani. Karatasi ilisema una nyumba ngapi, ilisema uende ukalime barabara, ilisema ufungwe, na ikishasema hukuweza kubishana nayo. Mtu anaweza kudanganya. Karatasi, watu waliamini, haina mdomo wa kudanganyia.

Jumatatu vijana wawili waliokuwa wakimshikia kamba ya kumshushia kisimani hawakutokea. Jumanne mwanamke mmoja alipita kisimani na mtungi, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Maji yaliyotolewa na mkono ule nimpe mwanangu?" Wakaendelea na njia ya korongoni. Jumatano mtu akasema inafaa askari waambiwe. Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima chake, kamba imezungushwa miguuni, anasubiri mtu wa kumshusha.

Mimi nilikwisha kufunga mzigo wangu. Kuondoka ndiyo dawa niliyoijua. Lakini nilimpitia, na nilipompita akaniita.

"Wewe, msomaji. Njoo."

Nikaenda.

"Karatasi ile inanitaja jina?"

"Hapana."

"Basi kidole tu."

"Kidole..." Nikaukaza mzigo mgongoni.

Akanionyesha mkono. "Hiki kilibaki Kilimatinde, chini ya jiwe la kisima. Nilikuwa peke yangu chini. Sina shahidi ila jiwe." Kisha akauliza, kwa ule upole wake, "Ni mbali kiasi gani kutoka hapa, mahali ambapo karatasi hiyo haijafika?"

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, mzigo mgongoni. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alisema tu, "Nenda ukaseme kwa wenye masikio. Mimi nikisema nitakuwa najitetea."

Nikaenda kwa wale vijana wa kamba. Nikasema kidole nilikitia mwenyewe. Wakanicheka. "Unamwogopa," mmoja akasema. "Amekutisha." Nikampelekea kitabu mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuwa akiuza ngozi pale kambini, mtu wa dini, anayejulikana kuwa msomi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Tafadhali wasomee wewe." Akaufungua ukurasa, akausogeza mbali, akausogeza karibu. "Marahaba. Hizi ni herufi za misheni, mwanangu. Zangu ni za Kiarabu. Hapa mimi na mbuzi wangu tuko sawa."

Ikabaki mimi peke yangu nisomaye, na mimi ndiye niliyekuwa mwongo.

Jumapili nikaenda kwa mama mpika pombe. Fundi alikuwapo, ameketi peke yake kwenye kigogo ambacho kwa kawaida hukaliwa na watu wanne. Mama hakugawa pombe. Alisimama na upawa wake katikati ya ua.

"Leo hakinywewi kitu mpaka nimeuliza jambo," akasema. "Wewe msomi, simama. Mimi sijui karatasi. Nijibu tu. Karatasi ikishaandikwa, maneno yake yanahama?"

"Hayahami, mama."

"Nikiiweka juani?"

"Hayahami."

"Nikiimwagia pombe?"

"Yatafutika, lakini hayahami."

"Haya." Akawageukia watu. "Jumapili ile ya kwanza, huyu alisema hivi: katika mji wa pwani, nyumba ya tatu kutoka msikitini, mwuza nazi, mlango wa mnazi, mbwa mweupe." Akalisema shauri lote. Sitii chumvi hapa, nimekoma kutia chumvi. Alilisema neno kwa neno, mpaka pale nilipokohoa, na yeye akakohoa. "Jumapili ya pili mwuza nazi akawa mwuza ngozi, akahamia Mpwapwa, na mbwa akawa mwekundu. Jumapili ya tatu yuko Ihumwa, na mbwa hayuko kabisa. Sasa nawauliza, watu wa reli, mnaojua mwendo wa vitu: maiti gani hii inayosafiri kwa kasi kuliko mataruma yenu? Jumapili hii atauawa wapi, jikoni kwangu?"

Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia.

"Na kidole!" mama akasema. "Mara mbili za kwanza kidole hakikutajwa kabisa. Mimi nilikuwa nasubiri tu Jumapili hii muuaji aote matiti makubwa na upawa, niwe mimi."

Hapo ua mzima ukaangua kicheko. Yule mwuza ngozi wa Kondoa alicheka mpaka akashika kofia.

Mama akamwendea fundi, akasimama mbele yake. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani una ruhusa zake. "Nanyi mmeamini nini? Mnyamwezi huyu! Akiua mtu, atamwosha sahani? Sahani zangu akishakula anaziacha hivyo hivyo, zimetapakaa mlenda. Muuaji angekuwa ananisaidia kazi!"

"Mtani wangu," fundi akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuisikia sauti yake, "chakula chako ndicho kinachoua. Mimi nimeponea chupuchupu."

"Umesikia! Mpeni pombe, kabla sijamwua mimi."

Nikaambiwa nisome upya, mara ya nne, kama ilivyo. Nikasoma. Pwani, msikiti, nazi, mbwa mweupe. Kila nilipofika kwenye nukta mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakiingia zizini. Nikadhani watachoka. Badala yake walisogea kuliko ile Jumapili ya Ihumwa. Sasa walijua hakuna kilichotiwa, kwamba kweli palikuwa na mtu, na kweli aliliwa wali wake, na sahani ikaoshwa na kuwekwa. Nilipofika hapo palikuwa kimya hivi kwamba nilisikia povu la pombe likipasuka chunguni. Mimi mwenyewe nilisisimka. Sikuwa nimejua kwamba ukweli ukisomwa polepole unatisha namna ile.

Mama alinipa adhabu mbele ya watu. Nikamshikie fundi kamba hadi kisima kiishe, na nikizembea atanishusha mimi bila kamba. Mmoja wa wale vijana, kwa aibu, akaja kushika pamoja nami.

Siku tatu zile nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Asubuhi fundi alijifunga, akatuangalia usoni mmoja mmoja, akashuka. Tulivuta mchanga kwa kikapu, tukamshushia kikapu, na katikati ya kazi alikuwa akituimbia kutoka chini, sauti ndogo ile ikija kubwa. Siku ya tatu kikapu kilikuja kikichuruzika. Wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mama alikuwa wa mbele, na kata yake. Maji ya kwanza yalikuwa tope tupu, ila aliyanywa hivyo hivyo, akitazama kila mmoja aliye na mtungi, kisha akatema mchanga na kusema yana ladha ya Unyamwezi. Wakaanza kugombania zamu.

Fundi alikuwa bado chini, anasafisha ukingo. Kisha sauti ikapanda.

"Msomaji!"

"Naam!"

"Yule mtu wa sahani. Walimkamata?"

"Hapana. Gazeti linasema hakuonekana tena."

Tukasikia maji yakidondoka mle gizani.

"Hata jina lake hawakulijua?"

"Hata jina."

Kamba ikatikisika mikononi mwetu, mara mbili, kwa haraka.

"Basi anaweza kuwa popote, hata huku gizani. Nivuteni," akasema. "Nivuteni sasa hivi."