Seremala Alivyomtoa Mkewe Kazini

Seremala alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe.

Mke alikuwa dobi wa hospitali. Miaka kumi na tisa alifua na kukunja mashuka ya wagonjwa katika chumba kirefu nyuma ya jiko, chenye mashine nne kubwa na sakafu isiyokauka. Alikuwa mnene. Si unene wa kusifiwa, unene wa kutesa. Kilo mia moja thelathini na nane. Magoti yalimlilia, sukari ilimpanda, na akilala pumzi ilikatika mpaka seremala akamtikisa bega. Wenzake walimwita Tingatinga, naye akaitika.

"Tingatinga ndilo linalofungua barabara," aliwaambia. "Nyinyi baiskeli mnapita tu."

Daktari alipomwambia kwamba mwili utamuua kabla ya uzee, akakubali kupasuliwa. Wakalikata tumbo la chakula, likabaki kifuko kama ndizi. Siku anatoka wodini, daktari alisema nao wote wawili.

"Mimi nimepunguza tumbo. Yaliyobaki ni yako, mama. Kula kidogo kidogo, kwa saa. Maji yasiandamane na chakula. Na usikae. Mwili unaokaa unarudi ulikotoka."

Seremala alitikisa kichwa. Alisikia yote. Hakuna aliyemficha neno.

Baada ya miezi miwili mke akarudi kufulia. Saa ya mkononi hakuwa nayo, mashine ndizo zilikuwa saa yake. Mashine ya kwanza ikimaliza ililia kengele. Ikilia, vijiko vitatu kutoka kwenye kikopo chake, anatafuna mpaka chakula kiwe uji. Ikilia mara ya pili, maji, mafunda mawili. Ya tatu, vijiko tena. Kati ya kengele na kengele alisukuma mkokoteni wa mashuka wodi kwa wodi, akapandisha mwinuko wa wodi ya wazazi, akarudi na machafu. Hakuwa na nafasi ya kukaa wala ya kudokoa. Mikono ilikuwa na sabuni.

Kila Ijumaa walimpima. Hapo kufulia palikuwa na mizani ya chini ya kupimia mafurushi, naye alipanda juu yake kama furushi. Mpiga pasi mmoja, mwembamba wanayemwita Njiti, aliandika ukutani kwa chaki.

"Mia na ishirini na moja. Tingatinga, umeangusha gurudumu wapi?"

"Njiani. Ukiliona lichukue, wewe ndiye huna nyama."

Mwezi wa kumi mizani ikasoma tisini na tisa. Njiti akasema amehama mtaa wa mia na asirudi kusalimia. Siku hiyo mke alifika nyumbani kwa miguu, akasimama mlangoni pa karakana akimtazama mumewe akiranda ubao.

"Fundi, niangalie."

Akaangalia.

"Umepungua," akasema.

"Miezi kumi nasubiri, ndiyo hilo tu?" Akacheka mwenyewe. Sukari ilikuwa imeshuka, vidonge vimebaki vya aina moja. Alikuwa akilala bila kukoroma, na seremala, kusema kweli, akakosa usingizi kwa ule ukimya.

Kisha akateleza. Sakafu ya kufulia, maji ya sabuni, mkokoteni ukamtangulia, akaangukia ubavu. Hakuvunjika. Alirudi na bonge jeusi kiunoni, akalifanyia mzaha. Ila kaka yake seremala alikuwepo siku hiyo, amekuja kuchukua meza, na yeye si mtu wa mzaha.

"Mdogo wangu, huyu mtu amepasuliwa tumbo. Bado anasukuma mikokoteni? Watu wanasema umekaa na randa yako, mkeo mgonjwa anakulisha."

"Nani anasema?"

"Watu."

Neno hilo lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Lilimkosesha usingizi siku mbili. Siku ya tatu akavaa shati safi, akaenda hospitali peke yake, akamwambia msimamizi wa kufulia, mama mmoja mpole, kwamba mkewe amechoka na kazi basi. Ndipo akarudi kumwambia mwenyewe.

Mke alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Umeniachisha kazi bila kuniuliza?"

"Nakupumzisha. Umefanya kazi miaka kumi na tisa."

"Kazi ndiyo inanipunguza, Fundi."

"Kisu ndicho kilichokupunguza. Nilikuwepo."

Hakubishana. Katika nyumba ile mume hakuwa na tabia ya kuamua, basi alipoamua mara moja mkewe alimpa heshima yake. Ndivyo watu wanavyoponzana.

Seremala akamtengenezea kiti. Ubao mgumu, mgongo ulioinama, pa kuwekea mikono, pa kuinulia miguu, na sponji nene. Hakuwahi kutengeneza kiti kizuri vile. Alimkalisha mwenyewe, akamwekea chai ya maziwa pembeni na biskuti. Kifuko kilikataa ugali, kilikataa nyama, lakini biskuti iliyochovywa kwenye chai haikataliwi na tumbo lolote. Inateleza. Na nyumbani hakuna kengele. Anayekula kidogo kidogo kutwa nzima hajui amekula nini.

Njiti na wenzake walikuja mara mbili. Mara zote mbili seremala aliwapokea mlangoni, akasema amelala. Wakaacha.

Mwaka ulipogeuka mke alikuwa amerudi mtaa wa mia, na zaidi. Magoti yakaanza tena. Vidonge vikawa vinne. Asubuhi moja akamwita mumewe.

"Nataka kurudi kufulia. Hata nusu siku. Hata kukunja tu."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa magoti haya haya. Nikikaa hapa nakufa, na kiti chako kizuri." Aliyasema polepole, bila ukali. "Nenda kwa msimamizi. Wewe ndiye uliyeniagia, wewe ndiye unirudishe. Nikijipeleka mwenyewe nitakuwa nimekuvua nguo."

Akaenda. Shati lile lile. Getini mlinzi akamtambua.

"Fundi, leo umekuja kumchukua nani?"

Mlinzi alikuwa anatania. Lakini seremala akasimama na utani huo. Akamfikiria yule mama mpole, akajiona anavyosimama mbele yake kusema nilikosea. Watu wanasema. Watasema nini sasa.

"Napita tu," akamjibu mlinzi.

Akazunguka ukuta wa hospitali mpaka jua likawa utosini, akarudi nyumbani.

"Wamesema nafasi imejaa," akamwambia mkewe.

Mke akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo hakuomba tena.

Kidonda kilianza kwenye kidole cha mguu, kidogo kama punje ya mtama. Kwa mwenye sukari, punje inatosha. Kilipanda. Walipomfikisha hospitali ilikuwa hospitali ile ile, na shuka alilolazwa juu yake lilifuliwa kwa mashine zake.

Siku ya nne Njiti akaingia wodini na mkokoteni. Alipomwona akausimamisha.

"Tingatinga. Sisi tulikuwa tunakungoja."

"Mlisema nafasi imejaa."

"Nani? Msimamizi alikuwekea nafasi mwaka mzima na zaidi. Alikataa watu watatu. Kila mtu akija kuomba anamwambia mwenyewe atarudi."

Seremala alikuwa ameketi kwenye stuli upande wa pili wa kitanda. Mke akageuza kichwa kwake.

"Ulikwenda?"

"Nilifika getini."

"Hukuingia."

"Sikuingia."

Akamwambia Njiti, "Nibadilishie shuka, mwanangu. Na wewe Fundi, toka nje kidogo."

Akatoka. Alisimama ukumbini, mikono nyuma, kama mtu anayengoja kuitwa. Alipoingia tena mke alikuwa amefumba macho. Siku mbili zilizofuata alizungumza naye ya nyumbani tu: bati linalovuja, binti yao aliyeolewa mbali apewe vikombe vya bluu, kuku wasiachwe nje. La kazi hakulitaja. Seremala alingoja alitaje, amtukane, amsamehe, lolote. Akafa alfajiri ya siku ya tatu hajalitaja.

Matangani watu walijaa. Kaka mtu alikuwa akipokea pole na kusema ni sukari, ni operesheni, hizi za kukata matumbo hazifai, siku zake zilikuwa zimefika.

"Operesheni ilifaa," seremala akasema.

Kaka akamgeukia. "Unasemaje?"

"Alipungua kilo thelathini na tisa akiwa kazini. Mimi nilimtoa kazini. Akataka kurudi, nikamdanganya."

Mzee mmoja jirani akamshika mkono, akamvuta akae.

"Huzuni inakusemesha, ndugu yangu. Tulia."

"Si huzuni," seremala akasema.

Lakini walikuwa wameshaanza kuzungumza mengine, na kaka yake alikuwa akimwagia mtu maji ya kunawa.