Simu Juu ya Kabati

Kuna maneno yakisemwa mbele yangu, damu inanichemka: "Hata simu yangu inapiga hivyo hivyo." Garissa hii nimeyasikia mpaka masikio yamechoka. Siku moja nilikuwa nafuta lenzi kibarazani, muuza maziwa ya ngamia akasimama, akatoa simu yake kunionyesha video ya mbuzi wake. Mwanga ulikuwa umeumeza uso wote wa mbuzi, na mtikisiko wake ungedhani alipiga huku akifukuzwa. "Unaona? Sawa na yako," akasema. Nikamjibu, "Mashallah, mbuzi mzuri." Wallahi, adabu nayo ni kazi.

Mimi napiga video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu mlango ukishafungwa, mitandio inavuliwa, nywele zinaachiwa, na hakuna simu inayopita. Mlangoni hukaa mama mmoja na beseni, kila anayeingia anatia simu yake humo. Kamera inayoruhusiwa ni moja tu, yangu, kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao na kwa sababu wanajua picha zangu haziingii mtandaoni wala sizitumi kwa mtu. Nazipeleka mwenyewe kwa mkono.

Ndivyo nilivyopata kazi ya binti mmoja aliyelelewa Dagahaley, kambi ya wakimbizi, akaolewa na kijana wa hapa mjini. Alitaka nimpigie shaash saar. Hiyo ni siku ya saba baada ya harusi, wanawake walioolewa wanapomkalisha bibi harusi katikati na kumfunga shaash, kitambaa cha kichwani cha mke wa mtu. Wa kwanza kukishika ni mamake. Lakini mama huyu alikuwa hajapata kibali cha kutoka kambini. Alichoweza ni kutuma shaash yake mwenyewe, ya manjano, ya zamani, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki na bado inanukia uunsi, ule udi wetu wa kufukiza.

"Abaayo, dada yangu," binti akaniambia, macho yamemjaa machozi, "mamangu hapati usingizi. Anasema watu wa mjini wataniona mtu wa kambini tu, sina wa nyuma yangu. Anataka aone nani atanifunga shaash. Hilo tu."

"Niachie mimi," nikamwambia. "Ataona hadi uzi wa kitambaa."

Siku yenyewe, kinasa sauti changu kikagoma. Buraanbur ilikuwa inakaribia kuanza, zile tenzi wanawake wanazozitunga na kuzighani papo hapo kwa ngoma, na bila sauti yake hakuna shaash saar. Nikamwendea mama wa beseni, nikamwomba simu yangu ninasie sauti.

"Simu ni simu," akasema.

"Mama, mimi ndiye mpiga picha!"

"Basi piga picha. Simu ya nini?"

Ala! Tukavutana pale mpaka bibi harusi mwenyewe akaja kuniombea. Nikaiweka simu juu ya kabati la vyombo, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai, nikawasha video ininasie sauti, nikaisahau.

Kamera yangu siku hiyo ilinipendeza mno. Mapazia yalikuwa yamefungwa na mwanga hafifu, mahali ambapo simu huanza kutapatapa na picha ikajaa chengachenga. Yangu ilikunywa ule mwanga kidogo ikatosheka. Uso wa bibi harusi ulitoka safi, kope moja moja, jasho jembamba juu ya mdomo. Ilipofika zamu ya shaash, nikaisogelea mikono inayofunga, mikono ya mtu mzima yenye hina nyeusi, na kweli kila uzi wa manjano ulihesabika. Nyuma yake kila kitu kiliyeyuka kama samli kwenye chungu cha moto. Huo ndio uzuri tunaousomea, na simu ikijaribu kuuigiza hukata na masikio ya watu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nikaenda Dagahaley na kompyuta yangu begani na kichwa kimevimba. Mama alinipokea kwa chai ya maziwa, akawatoa wanaume uani, akateremsha pazia. Tukakaa mkekani wawili tu. Nikawasha.

Aliangalia, kiganja mdomoni. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, nangoja machozi. Hayakuja.

"Umempiga vizuri, hooyo," akasema mwishoni, akiniita "mama" kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe. "Lakini watu wako wapi?"

"Watu hawa hapa, nyuma yake."

"Hawa ni ukungu. Umewafutia nini?"

Nikaanza kumweleza habari za lenzi, kwamba ndiyo mtindo, kwamba mtu mmoja anatokeza na wengine wanafifia. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikajichosha mwenyewe.

"Binti yangu namjua," akasema. "Nilimzaa. Mikono hii ni ya nani?"

Wakati ule jicho langu lilikuwa kwenye hina na uzi, na chumba kizima kilikuwa kimejaa mikono yenye hina. Haki ya Mungu, sikujua. Niliona uso wake ukishuka taratibu, na roho ikaniuma, kwa sababu alilotaka lilikuwa hilo moja tu.

Ndipo nikaikumbuka simu. Sauti yake nilikuwa nimeitumia, picha sikuwa nimeitazama hata mara moja. Nikaitafuta, nikampa mkononi huku nikisema, "Haipendezi, hooyo, usinicheke."

Kweli haikupendeza. Robo ya picha ilikuwa chupa ya chai. Chengachenga tele, rangi zimepauka, bibi harusi mdogo kama kidole. Lakini kwa sababu simu haijui kuchagua, ilikuwa imeona chumba chote.

"Yule alikuwa jirani yangu, tulipanga foleni ya maji pamoja!" Mama akaanza kucheka. "Na huyu, amenenepa! Na huyu alitoka Hadado, mbali kote huko? Amekuja kwa ajili ya mwanangu?" Kila mtu alimtambua kwa jinsi anavyokaa.

Kisha akaisogeza simu karibu na macho. Kwenye kioo cha simu mtu alikuwa ameleta sanduku lenye shaash mpya, inayong'aa. Mwanamke mnene wa makamo akainuka kwenye kiti cha heshima, akalisukuma lile sanduku kando, akaufungua mfuko wa plastiki. Akaitoa ile ya manjano, akaifukizia uunsi, akaifunga yeye mwenyewe kichwani mwa binti. Chumba kizima kikasimama.

"Nani huyu?" akaninong'oneza.

Huyo nilimjua vizuri, maana ndiye mwenye nyumba aliyenikaribisha asubuhi. "Mama mkwe wake."

"Alisimama yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, hooyo. Na aliisukuma ya kwao, akachukua yako."

Akairudisha nyuma, akatazama tena. Akarudisha tena. Machozi niliyoyasafiria kutoka Garissa yakaja sasa, mengi, na yangu yakafuata bila ruhusa. Akayapangusa kwa ncha ya mtandio, akaniwekea simu yangu mapajani, akajiweka sawa mkekani mbele ya kompyuta.

"Haya, washa ile yako kubwa," akasema. "Sasa ndiyo nina nafasi ya kuona alivyopendeza."