Kamba ya Asteria Holo, Fundi wa Sofu

Asteria Holo alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji kimoja karibu na Sengerema, akabatizwa akiwa na siku nane. Rozari ya mama yake ilipokatika na punje zake kupotea shambani, mama huyo alisokota kamba ya katani, akaipiga mafundo, akaendelea kusali. Binti alijifunza hapo hapo: fundo moja, Salamu Maria moja, mtu mmoja wa kuombewa. Ushonaji alifundishwa na masista. Mwaka 1994 alihamia Kibaha na mumewe, mwalimu, na alipofiwa naye aliweka cherehani barazani kwake, mtaa wa Sofu.

Mtu anayepimwa nguo husema mengi. Kiuno kikiongezeka anaeleza kwa nini, kikipungua anaeleza zaidi. Asteria alisikiliza akiwa na pini mdomoni, na haijasikika hata siku moja kwamba neno la mteja lilitoka barazani pale. Alichukua tu kipande cha kitambaa kilichobaki, akakifunga kwenye kamba yake ya katani, na kila alfajiri akampelekea Mama Maria jina la mwenye nguo. Wito wake ulikuwa huo. Jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa ilimpa kazi ya kuongoza Rozari kila Oktoba, sanamu ya Mama Maria inapopita nyumba hadi nyumba.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Silvanus Maganga, alikuwa mpelelezi mstaafu, na kazi ile haikuwahi kumtoka mwilini. Alimshuku muuza maziwa, alimshuku hata jirani aliyemsalimia mara mbili. Lakini alikuwa na uchungu wa kweli: binti yake Stellamaris alikuwa na miaka mitano katika ndoa na hajapata mtoto. Oktoba 2016 alimpelekea Asteria suruali mpya ya bluu ipunguzwe urefu. Fundi alipoingia ndani kutafuta chaki, Silvanus aliona kamba ndani ya droo ya cherehani, na kwenye fundo mojawapo kipande cha gauni alilovaa Stellamaris kwenye sendofu, siku ya kuagwa kwao kabla ya harusi. Tangu utotoni alikuwa akisikia jinsi mwanamke anavyofungwa kizazi kwa uchawi: nguo yake, fundo, basi. Hakuuliza. Aliitia kamba mfukoni kama kielelezo, suruali akaiacha, wala hakuirudia.

Jumamosi hiyo aliinyanyua mbele ya jumuiya.

"Mama Asteria, hii nini?"

"Rozari yangu, Mwenyekiti."

"Rozari yenye nguo ya mwanangu? Nani kakupa?"

Stellamaris alikuwa ameketi mkekani pale pale, macho chini. Asteria hakumtazama.

"Aliyenipa namwombea yeye na nyumba yake. Kumtaja siwezi, baba."

"Kwa nini huwezi?"

"Niliaminiwa."

Paroko aliwasihi wasimhukumu mtu kwa kamba. Hawakumsikia. Sanamu iliiruka nyumba ya Asteria mwezi ule wote, wateja wakahamishia vitambaa vyao kwa mafundi wa mjini, na watoto wakakatazwa kupita barazani kwake. Mwishoni mwa 2017 alifunga cherehani yake, akaenda kuishi Kisarawe kwa kaka yake Faustine. Silvanus aliificha kamba ndani ya bahasha, juu ya kabati. Aliogopa kuichoma, akaogopa zaidi kuifungua. Mwaka 2019 Stellamaris alijifungua mtoto wa kike, na babu akatangaza mtaa mzima: "Mmeona? Mchawi kaondoka, mtoto kapatikana." Wengi waliamini. Ndivyo neema ya Mungu ilivyogeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mtu aliyeiomba.

Asteria alifariki Machi 2022 kwa ugonjwa wa sukari. Silvanus alikwenda mazishini Kisarawe pamoja na binti yake. Kwa maneno yake mwenyewe, alikwenda kuhakikisha kwamba mchawi kafa kweli. Baada ya maziko Faustine alimkabidhi mfuko. Ndani mlikuwa na suruali ya bluu, imepunguzwa, imepigwa pasi. Silvanus aligeuza mifuko ya suruali nje, akapapasa pindo, akanusa. Hakukuwa na kitu. Chini yake ilikuwapo kamba mpya ya katani, na katika kila fundo kitambaa cha bluu.

"Ni kile alichokata kwenye miguu ya suruali," Faustine alisema. "Wengine aliwaombea kwa kuhesabu vidole, mzee. Kamba hii yote ni wewe."

Stellamaris alipiga magoti. "Baba, kile kipande cha gauni nilimpa mimi. Nilimwomba aniombee, asimwambie mtu. Siku ile niliogopa."

Mzee Silvanus aliketi chini, mchangani, akalia kwa sauti. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya jumuiya akaeleza yote, akiwa amevaa suruali ile. Ilimkaa sawasawa.

Kanisa halijamtangaza Asteria kuwa mtakatifu, nasi hatutalitangulia. Lakini kila Oktoba sanamu huanza safari yake pale barazani palipokuwa na cherehani, na Silvanus ndiye anayeongoza, kamba ya bluu mkononi. Mzee bado anamshuku muuza maziwa. Ila sasa fundo la kwanza anamwombea huyo. Anayetaka kumfuata Asteria asianze na wale anaowapenda. Achukue fundo moja, amtaje kwa jina yule aliyemharibia jina, na asimwambie.