Hesabu Iliyozinduliwa Kibirizi

Watu wamezindua visima, madarasa, vyoo vya shule, hata daraja ambalo lilikuwa halijafika ng'ambo. Lakini hesabu? Hesabu iliyo ndani ya kompyuta, tena haijaisha? Hiyo ilizinduliwa Kibirizi, Kigoma, pale ufukweni wanapoanika dagaa, na mwenye hesabu alikuwa Telesphory, kitinda mimba wa Mama Melania wa Katubuka.

Telesphory ni mtu mwema, tusimwonee. Mama yake alimsomesha kwa dagaa, beseni kwa beseni, mpaka akavuka mipaka na kurudi na udaktari wa fizikia ya plazma. Plazma ni nini? Chukua gesi, ipige umeme mpaka atomu zake zipoteze adabu, elektroni zitoke mbio kila moja na njia yake. Hiyo ndiyo plazma. Radi ni plazma. Hapo ndipo watu wa mtaa wa Mwanga walipovunjika mbavu. "Jamani, mtu wa Kigoma anapanda ndege kwenda kwa Wazungu kusomea radi! Si angewauliza tu waganga wa hapa nyumbani?" Telesphory alicheka nao, lakini lilimuuma.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na kwa hilo simcheki. Masika yakishika, dagaa hawakauki. Wanalala juu ya chanja wabichi, wanageuka rangi, wananuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku. Telesphory alimwona mama yake akilia kwa sababu hiyo tangu yeye ni mtoto wa kaptula. Akawaza: kuna plazma baridi, isiyounguza, ambayo huivunja oksijeni ya hewani na kuzaa molekuli kali zinazoua vijidudu. Je, haiwezi kuwalinda dagaa wabichi wasioze mpaka jua litoke?

Mashine hakuwa nayo. Alikuwa na kompyuta, chumba cha uani, na programu aliyoiandika mwenyewe. Humo ndani alijenga kipande cha ngozi ya kijidudu kimoja, akakizungushia molekuli za maji, kisha akawa anakirushia atomu za oksijeni aone zinagonga wapi na kuvunja nini. Kompyuta ilikesha wiki nzima ikihesabu jambo ambalo lenyewe linaisha kabla hujapepesa jicho. Na jibu lilipotoka lilikuwa hili: huenda inawezekana, mradi hewa isiwe na unyevunyevu mwingi. Hewa ya Kigoma, masika, isiwe na unyevunyevu! Hata yeye alikuwa bado anajikuna kichwa aone atapitaje hapo.

Ndipo akaingia Feliksi. Huyu alikuwa mratibu wa mradi uliomlipia Telesphory umeme na intaneti, mtu wa shati lililonyooka na ulimi ulionyooka kuliko shati. Katika ripoti ya kwanza ya Feliksi, ile "huenda inawezekana" ikawa "imethibitika". Katika ya pili, hesabu ikawa teknolojia. Ilipofika redioni ilikuwa tayari ni mashine ya kukaushia dagaa bila jua, tena ya kwanza ya aina yake katika ukanda wote wa ziwa.

Telesphory alisikia yote hayo. Angeweza kusema. Lakini sifa ni tamu, ndugu zangu, na aliyekwisha kuchekwa huzilamba mpaka sahani. Kanisani alipewa kiti cha mbele. Walewale wa Mwanga waliomcheka wakaanza kumwita Profesa na kumuuliza kama anaweza kupitisha plazma kidogo kwenye kiazi kilichoanza kuoza. Siku mtangazaji alipomwekea kinasa sauti mdomoni akamuuliza, "Daktari, mashine ya dagaa iko tayari?", neno "hapana" lilikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akasema, "Tuko hatua za mwisho."

Ebo! Hatua za mwisho za nini, baba?

Haikupita muda Feliksi akamjia na habari. "Daktari, mgeni rasmi amekubali kuja. Tunazindua Kibirizi."

"Tunazindua nini? Mimi nina hesabu tu, Feliksi. Na bado haijaisha."

"Mradi usipozindua kitu unafungwa. Niachie mimi."

Akaachiwa. Feliksi akaenda kwa fundi mmoja Mwanga, akachomelewa sanduku la bati linalong'aa, kubwa kama kabati, lenye mlango wa kioo. Fundi akauliza ndani kunakaa nini. "Taa," akasema Feliksi. "Ya buluu."

Telesphory alilikagua sanduku lile kwa mikono yake. "Lakini hii ni taa tu."

"Ni kielelezo, Daktari. Shuleni mwalimu alitushikia chungwa akatuambia hili ndilo jua. Kuna aliyempeleka polisi?"

Telesphory akaufunga mlango wa kioo. Alijiambia kwamba siku yenyewe ataeleza vizuri kwenye hotuba, kwa lugha nyepesi, na watu wataelewa. Msomi akitaka kujidanganya hakosi sababu, hiyo ndiyo faida ya shule.

Asilolijua ni kwamba Mama Melania alikuwa na redio, na alikuwa amemsikia mwanawe kwa masikio yake mwenyewe. Alfajiri ya siku ya uzinduzi, vipe, zile boti zinazovua kwa taa, zilirudi zimejaa mpaka pomoni. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu usiku. Wanawake wa Kibirizi walisimama na mabeseni yao matupu, mikono kifuani, maana nani atanunua dagaa asiokuwa na jua la kuwaanikia? Wavuvi wakawa wanabembeleza. Mama Melania akapita katikati yao akanunua. Akanunua wengine tena. Akatia mtaji wake wote, akasaka mabeseni ya kuazima.

"Melania, umepata wazimu?" rafiki yake Marcelina akamshika mkono. "Utawaanika wapi na mvua hii?"

"Nianike kwa nini? Mwanangu ana mashine."

Marcelina alifikiri kidogo, kisha naye akafungua pindo la kitenge chake. Wenzao wakaona, wakafuata. Mama mzazi wa mwenye mashine kanunua, wao ni nani wa kuogopa?

Shughuli ilikuwa ianze saa nne. Mgeni rasmi, kigogo kutoka mbali, alifika saa nane, akiomba radhi kwa ajili ya barabara. Muda wote huo mabeseni yalikuwa yamepangwa pembeni mwa turubai, na dagaa wakaanza kujitangaza kabla ya mshereheshaji. Wageni wa viti vya mbele wakatoa leso. Ngoma ikachezwa, risala ikasomwa, shukrani zikatolewa kwa watu wengi ambao hawakuwepo. Telesphory alikaa karibu na sanduku na kompyuta yake mapajani, kwa sababu Feliksi alitaka wapiga picha waone vidoti vyenye rangi vikitembea kwenye kioo. Harufu ilimfikia. Akageuka kuangalia inatoka wapi, ndipo akamwona mama yake amesimama mbele ya mabeseni yale yote, kavaa kitenge cha Pasaka, anamtabasamia.

Alielewa mara moja.

Utepe ukakatwa. Feliksi akabonyeza swichi, sanduku likawaka buluu, na vigelegele vikapasua turubai. Kabla mtu hajasema neno, Mama Melania alikuwa amekwisha kutoka na beseni kichwani, wanawake wenzake nyuma yake. Mshereheshaji akafurahi, akadhani imepangwa. "Mama mzazi huyo! Mpisheni!"

Mama akafungua mlango wa kioo, akamwaga dagaa kwenye trei, akafunga. Akasubiri. Akafungua tena akawagusa kwa kidole. Akamgeukia mwanawe, akasema taratibu, "Mwana wanje, mwanangu, mbona bado? Washa basi."

Telesphory alisimama. Akampokonya mshereheshaji kipaza sauti. "Hakuna mashine," akasema. "Hiyo ni taa tu. Mimi nina hesabu kwenye kompyuta, na haijaisha, na huenda isifae kabisa. Mnisamehe."

Mgeni rasmi akacheka, Feliksi akacheka kwa sauti zaidi, na mshereheshaji akakinyakua tena kipaza sauti chake haraka. "Mnamsikia? Wasomi wa kweli wana unyenyekevu! Makofi kwa Daktari!" Makofi yakarindima. Mgeni rasmi akampa mkono na kumwambia kwamba taifa linahitaji vijana wenye utani kama yeye. Picha zikapigwa mbele ya taa ya buluu, kisha msafara ukaondoka kwenda kula.

Waliobaki ni wanawake na mabeseni. Mvua ilikuwa imeongezeka. Marcelina alijitwika beseni lake akaondoka bila kumuaga rafiki yake. Telesphory alikunja suruali yake ya suti, akaanza kumsaidia mama yake kumwaga dagaa juu ya chanja, ingawa wote wawili walijua kwamba hao sasa ni wa kuku. Walifanya kazi hivyo mpaka mikono ikawauma.

"Mama," akasema mwishowe, "mimi sikusema mashine. Feliksi ndiye aliyesema mashine. Watu wa redio ndio waliosema."

Mama Melania aliendelea kuwatandaza dagaa kwa kiganja, bila kumwangalia.

"Feliksi kudanganya ndiyo kazi yake, anaamka nayo asubuhi. Wewe, Telesphory, ulisomea nini?"